Hakuna Mtu Mlangoni

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alikufa Makobola na shule yangu ikaishia hapo. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kusoma maneno marefu bila kuyafuata kwa kidole. Mama alifua yunifomu yangu, akaikata, akamshonea mdogo wangu suruali kwa kitambaa kile kile, na asubuhi iliyofuata mimi nilikuwa mbele ya pipa la mawese nikikoroga sabuni. Taabu ilianza hivyo. Naiandika mapema ili nisirudi tena huko, na ili msomaji asidhani natafuta huruma. Sitafuti.

Kila kitu nilicho nacho nimekitoa katika lile pipa. Unachemsha mawese mpaka wekundu ule unapungua, unaacha yapoe kidogo, unamimina maji yenye soda, ile soda kali ya sabuni inayokula ngozi, halafu unakoroga na kukoroga, upande mmoja tu, mpaka uji unakuwa mzito. Ukichoka kabla yake, sabuni nayo inachoka, inakatika-katika kama ugali wa jana. Mikono yangu ina madoa meupe mpaka kwenye viwiko. Wanawake wengine wananunua krimu kuficha mambo kama hayo. Mimi nakunja mikono ya blauzi ili yaonekane.

Nilikuwa mama kijana wakati watu wa vijiji vya kusini walipokimbia vita kuelekea Uvira, nami nikakimbia nao, mtoto mgongoni na mwiko wa sabuni mkononi. Mpaka leo sijui kwa nini nilibeba mwiko nikaacha sufuria. Tulifika Mulongwe, mtaa wa Uvira ulio kando ya mto wa jina hilo hilo, mvua ikinyesha. Nilipiga hodi kwenye nyumba nyingi, na wale watu sikuwalaumu, maana kila nyumba ilikuwa imeshajaa. Halafu mwanamke mmoja mdogo kuliko mimi, aliyeolewa juzi tu, akafungua. Hakuniuliza natoka wapi. Alisema, "Ingia, utalowanisha mtoto." Bwana yake alikwenda kulala kwa kaka yake, na sisi tukalala watatu juu ya mkeka mmoja. Tulikaa hivyo mpaka nilipopata pangu. Yule mwanamke ndiye nilimfundisha sabuni, na tangu siku zile ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Simtaji jina humu. Simtaji mtu yeyote jina.

Wanawake wa sabuni tulipofanya chama, walinichagua mimi kuwa prezida. Hakuna aliyeshangaa. Nina sauti kubwa, na simwogopi mtu wa biro, wa ofisi yoyote. Miaka ikapita. Tulikuwa tunachemshia nje, na mvua ikija tunafunika mapipa kwa mabati kisha tunasimama kando tukilowana. Halafu wakaja wafadhili, wakasema watatujengea hangari, paa zuri na sakafu ya saruji, lakini wanataka kiongozi wa chama awe na cheti cha usimamizi. Kulikuwa na mwanamke kijana kati yetu, mpole, aliyemaliza masomo yake yote ya sekondari. Aliangalia chini tu. Nikaona wenzangu wanamtazama yeye, halafu wananitazama mimi, halafu wanatazama mapipa.

Nilisema, "Hicho cheti nitakitafuta minye, mimi mwenyewe."

Sikutaka kiti changu kichukuliwe. Ndiyo sababu, na sina nyingine. Ningeweza kuandika hapa kwamba nilikuwa na kiu ya elimu, lakini ingekuwa uongo.

Binti yangu anafundisha shule ya msingi. Yeye ndiye alipata habari ya chuo kimoja cha mbali kinachofundisha watu wazima kwa simu: Kiswahili chepesi, Kifaransa kwa maneno makubwa tu, na hawaulizi diploma, bali kujua kusoma na kuandika. Aliniandikisha, kisha akakaa kunieleza.

"Mama, masomo haya hayana darasa."

"Wanafunzi wanakaa wapi?"

"Kila mtu kwake."

"Na mwalimu?"

"Naye kwake."

"Sasa mutu akilala, nani anamuamusha?"

"Hakuna, mama. Unajiamusha."

Nilimwambia kwamba hiyo si shule, hiyo ni kuchungana kwa mbali. Akacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Nitaeleza somo la kwanza, kwa sababu mtu mwingine wa umri wangu anaweza kutaka kujaribu, na ni vizuri ajue. Nilioga. Nilivaa kikwembe changu, kitenge cha sikukuu, blauzi yake na kitambaa chake cha kichwa, nikaweka simu juu ya meza ikiegemea kopo la chai, nikakaa wima. Hakukuwa na mtu. Nilingoja. Baadaye binti yangu aliniambia kwamba saa ya chuo ni saa ya Kinshasa, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa nzima. Hatimaye watu wakaanza kuingia, lakini hawakuingia na sura, waliingia kama majina yaliyoandikwa. Kila jina lilipotokea nililisalimu, nikauliza habari ya nyumbani, kama inavyopasa. Hakuna aliyejibu. Profesa akaja, naye ni sauti tu, bila uso. Akasema, "Tafadhali mama, tuzime vinasa sauti." Wa kusalimu nilikuwa peke yangu, kwa hiyo neno lile lilikuwa langu. Nilivaa vile kuonyesha heshima, na hakuna aliyeniona hata ukosi.

Basi ujue hivyo. Hutaonwa. Katika darasa la kweli mwalimu anakuona umekunja uso, anarudi nyuma, anaeleza tena. Kwenye simu unaweza kukunja uso mpaka jioni. Lazima uandike kwamba hujaelewa, na ukiandika, wote wanasoma kwamba wewe ndiye hukuelewa. Mimi wiki za mwanzo sikuandika. Nilikuwa nasema moyoni kwamba nitaelewa kesho. Umeme ukikatika, kesho nayo inakatika. Na sisi wa Uvira tuna shida yetu nyingine: simu inachoka kutafuta rezo ya mtandao wa kwetu, inaruka kushika ya Burundi, ng'ambo pale, na mega zote za intaneti nilizonunua zinakwisha kabla profesa hajamaliza kusafisha koo.

Rafiki yangu yule wa Mulongwe alikuwa akija kila siku baada ya kazi. Alipita kwenye rido, lile pazia la mlangoni, hodi yake na mwili wake vikiingia pamoja, akakaa kwenye kigoda na kuniuliza, "Leo wamekufundisha nini?" Nami nilimweleza. Nilipokuwa namweleza ndipo nilipoona nimeelewa nini na sikuelewa nini. Yeye hajui kusoma hata jina lake, lakini alikuwa anauliza "kwa nini" mpaka nakasirika, halafu nachukua simu na kusikiliza tena. Nikisema ukweli, yule ndiye alikuwa darasa langu.

Siku moja somo lilikuwa juu ya mikutano. Profesa alisema kwamba kiongozi mbaya unamjua kwa jambo moja: anafungua mkutano na jibu tayari mdomoni. Nilimsimulia rafiki yangu.

Akasema, "Huyo profesa alikuya mu mkutano yetu siku gani?"

Nilimfukuza na kitambaa cha mezani, tukacheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Lakini usiku ule neno la profesa lilikaa na mimi, na sikulipenda.

Sasa lazima nieleze habari ya mlango, maana kila kitu kilichofuata kimo ndani yake. Kwetu mlango haufungwi mchana kama mtu yuko ndani. Rido inatosha. Rido inasema: niko, ita uingie. Anayefunga mlango jua likiwa juu ni mgonjwa sana, au ana nyama anayotaka kula peke yake, au anapanga neno baya juu ya wenzake. Nimeyasema haya mimi mwenyewe juu ya watu, tena kwa sauti ya kusikika avenyi nzima, mtaa wote. Na jambo lingine: mtu hapelekwi mahali pagumu peke yake. Akienda hospitali, tunamsindikiza. Akiitwa mahakamani, tunakwenda naye na kujaza benchi. Anayekwenda peke yake ni mtu asiye na watu, na hiyo ni aibu kubwa kuliko kushindwa kesi.

Barua ya mtihani ilisema nikae mahali patulivu, kamera ikiwa wazi, na niwe peke yangu. Binti yangu alinisomea yote. Sitasema sikusikia. Nilisikia, nikadhani wanamaanisha kwamba asikae mwingine kunifanyia, kwamba mkono wa kuandika uwe wangu. Kwamba mwanamke wa umri wangu akae na mtihani katika chumba kitupu kama mchawi, hilo halikuniingia kichwani.

Kwa hiyo siku ile wanawake wa sabuni walikuja. Sikuwaita. Hawakuhitaji kuitwa. Walivaa vikwembe vya chama, wakaleta mandazi na birika la chai, wakatandika mikeka nyuma yangu. Mmoja aliomba, sala ndefu, mpaka nikamkanyaga mguu. Rafiki yangu alikaa karibu yangu kabisa.

"Yaya, ile jicho ya simu inatuona?"

"Inawaona wote."

"Basi ngoja nifunge kitambaa vizuri."

Maswali yakaanza. Niliyasoma kwa sauti, kwa sababu kusoma kimya bado kunanichosha. Moja lilikuwa hili: mwanachama akiacha kuja mikutanoni, uongozi ufanye nini?

"Waende kumuangalia," mmoja akasema nyuma yangu. "Pengine iko mugonjwa."

"Ule wa kwetu haiko mugonjwa. Iko na bwana mupya."

"Basi waende kuangalia bwana."

Walicheka, nami nikacheka huku naandika jibu langu, jibu langu mwenyewe, kama nilivyofundishwa. Ndipo sauti ya kijana ikatoka kwenye simu. Ilikuwa ya msimamizi.

"Mama, hao nyuma yako ni nani?"

Nilifurahi kwamba ameuliza. Nilidhani ni adabu. Nikachukua simu, nikaizungusha chumba kizima polepole, nikamwonyesha mmoja mmoja. "Hawa ni watu wangu. Wamekuya kunisindikiza. Na huyu hapa, huyu ndiye alinifungulia mlango nilipokuwa sina kitu." Rafiki yangu akampungia mkono.

Kijana akasema, kwa upole, sitamsingizia, "Mama, samahani. Mtihani wako umefutwa."

Rafiki yangu aliinamia simu. "Kijana, kosa iko yetu. Sisi njo tulikuya. Yeye hakutuita." Lakini kioo kilikuwa kimeshakuwa cheusi, na alikuwa anaongea na sura yake mwenyewe.

Hakuna aliyegusa tena mandazi. Waliniomba msamaha mmoja mmoja wakitoka, na mimi niliupokea ule msamaha, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyekosewa. Ningeweza kusema nilisomewa, nikajua, nikapuuza. Sikusema. Niliwaacha waende nyumbani na kosa langu mikononi mwao.

Barua ikaja. Binti yangu aliisoma kwa sauti mpaka mahali fulani, akaendelea kimya kimya. Nilimwambia asome. Neno lilikuwa udanganyifu, na kando yake waliliandika tena kwa Kifaransa ili lisimponyoke mtu. Nimechemsha sabuni maisha yangu yote. Kuna watu wanaochanganya udongo mweupe ndani ili mche uwe mzito. Sijawahi. Wateja wanatoka Kamanyola kuja kutafuta sabuni yangu kwa sababu wanajua haina udongo. Na sasa neno lile limekaa kando ya jina langu, katika mashine ya watu nisiowajua, na siwezi kwenda kulifuta kwa kitambaa.

Niliandika mwenyewe kuomba nafasi nyingine. Nilitumia jioni kadhaa kwa barua ile fupi. Walijibu kwamba wameelewa, nafasi ni moja, na masharti ni haya: mlango ufungwe, nizungushe kamera kwanza waone chumba ni kitupu, na ikisikika sauti ya mtu mwingine chumbani, basi, hakuna tena.

Mlango wangu ulikuwa hauna komeo la maana. Nilimwita fundi aweke jipya. Aliniuliza kama nimeibiwa.

Kwenye mapipa niliwatangazia wote. "Siku ile, asikanyage mutu kwangu."

"Hata minye?" rafiki yangu akauliza.

"Hata weye. Weye kwanza. Weye ndiye mudomo kuliko wote."

Wanawake walicheka. Naye alicheka, akafunika mdomo kwa kiganja kuonyesha ameufunga. Halafu akaendelea kukoroga. Nilisema vile mbele ya wote kwa sababu nilitaka ijulikane kwamba safari ile iliharibika kwa ajili ya midomo yao. Nilijua ninachofanya.

Siku ya mtihani wa pili ilikuwa na jua. Hilo ni muhimu. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani, si kwetu, na anayekaa Uvira anajua kwamba mto unaweza kukushukia mbingu zikiwa safi. Lakini mimi nilikuwa nimefunga madirisha pia, na kichwani nilikuwa na mtihani tu. Niliweka komeo. Nyumba ikawa na giza na joto. Nilizungusha kamera kwenye kuta zangu, meza yangu, kitanda changu, nikaona aibu kama mtu anayevuliwa nguo kwa daktari. Msimamizi wa safari hii alikuwa mwanamke. Akasema, "Asante, mama. Anza."

Nilikuwa naendelea vizuri. Nasema hivi kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimefika maswali ya mwisho, na niliyajua.

"Hodi."

Nilimjua kabla hajamaliza. Sikuinua kichwa.

"Hodi, yaya." Akagonga, kwa kucha tu, si kwa ngumi. "Yaya, niko minye."

Kitu cha kwanza nilichosikia ndani yangu kilikuwa hasira. Nilisema moyoni: nilimkataza mbele ya watu, na bado amekuja, ataniharibia mara ya pili. Kitu cha pili nilikisikia pia, na hicho ndicho ninachokiandikia haya yote. Sauti yake haikuwa sauti ya kuja kuongea. Nimemjua mwanamke yule tangu tulale mkeka mmoja. Najua akiwa na habari, najua akiwa na njaa, najua akiwa amelia njiani na kujifuta kabla ya kufika. Niliisikia ile sauti, nikaamua sikuisikia.

Msimamizi akasema, "Mama, nimesikia sauti. Kuna mtu?"

Simu yangu haishiki sauti ndogo. Lazima uongee kwa nguvu. Nikaongea kwa nguvu.

"Hapana. Hakuna mutu."

Kulikuwa na mlango wa mbao kati yetu, na mbao zenyewe nyembamba. Nilisikia kitu kizito kikiinuliwa kutoka sakafu ya baraza, kikiburuzwa kidogo, halafu ndala zake, zile anazoburuta mguu wa kushoto, zikiondoka.

Msimamizi akasema, "Endelea." Nikaendelea. Sikumbuki maswali yale ya mwisho, lakini niliyapata, maana walinionyesha baadaye.

Nilipofungua komeo, sakafu ya baraza ilikuwa na maji. Si maji ya mvua. Yalikuwa ya matope, yamechora alama ndefu, mahali ambapo kitu kiliegemezwa ukutani kikadondoka. Jirani wa mbele alikuwa amesimama kwenye rido yake, mikono kifuani.

"Mulongwe umeingia mu manyumba," akaniambia. "Alikuwa na godoro kichwani na mufuko wa nguo. Nilimuambia agonge kwa nguvu. Akasema, hapana, iko mu ekizame, mu mutihani yake."

"Amekwenda wapi?"

"Sijui. Nilimuambia aingie kwangu. Akasema asante."

Nilimkuta katika chumba cha shule, kule kanisani walikokuwa wamewapokea watu wa mtoni. Alikuwa ameegemeza godoro dirishani likauke, lakini godoro la sifongo likinywa matope halikauki tena, yeye na mimi tunajua. Nguo zake zilikuwa zimetandazwa juu ya madawati. Aliponiona alisimama. Hilo nalo lilinichoma, maana hajawahi kusimama nikiingia.

"Ulipita?" akaniuliza.

"Sijui bado. Twende kwangu."

"Hapana. Niko vizuri hapa. Kuko na batu wengine."

"Godoro yangu ni kubwa. Twende."

"Kweli, niko vizuri." Alikuwa anatabasamu, na hakukuwa na hasira ndani ya tabasamu lile, nililitafuta. "Ilikuwa kosa yangu. Ulitukataza. Nilisahau kwa sababu ya maji. Nilipokusikia uko unaongea na wakubwa wako, nikakumbuka."

Basi alisikia. Nilikuwa nimekuja njia nzima nikijiambia kwamba pengine hakusikia.

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na maneno. Mimi ambaye sijawahi kukosa maneno mbele ya mkubwa yeyote, nilisimama kati ya madawati nikishika kona ya shati lake lililolowa, nikauliza kama amekula. Akasema amekula. Nilipogeuka kuondoka alisema, "Asante kwa kuja, mama prezida."

Sikosi kulala kwa sababu ya neno udanganyifu. Lile walilifuta wenyewe. Ni hili la mama prezida. Yaya halijarudi tena kinywani mwake tangu siku ile.

Nilifaulu. Hangari ikajengwa, na ni nzuri. Mvua ikija sasa tunaendelea kukoroga na kuiangalia tu. Uchaguzi ulipofika niliacha wengine waongee kwanza, kama profesa alivyosema, na mikono ikainuliwa kwa ajili yangu. Wa rafiki yangu ulikuwepo, umenyooka sawa na ya wengine. Amepanga chumba upande wa juu, mbali na mto. Anakuja kazini mapema, anasalimu vizuri, sabuni yake haina udongo. Akikosa soda anaomba kwa adabu. Baada ya kazi anapita mbele ya nyumba yangu, anasalimia kutoka barabarani, rido yangu ikiwa wazi, na anaendelea. Kigoda chake kipo pale pale. Binti yangu alikikalia siku moja nikamwambia akae kwingine.

Wanawake vijana wananiuliza kama kusoma kwa simu ni kugumu. Nawaambia habari za mega, za saa ya Kinshasa, za kuandika swali lako hata kama wote watalisoma. Nawaambia wawaeleze watu wao mapema, waombe jirani asimame nje siku ya mtihani ampokee kila anayekuja. Hilo la mwisho hakuna aliyenifundisha. Lingewezekana kwa urahisi kabisa, jirani wa mbele angekubali, na sikuliwaza kwa sababu nilikuwa nashughulika kuwafukuza wote.

Haya ndiyo niliyo nayo leo. Nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye mabati mazima. Mapipa ya sabuni na mafremu ya kukatia. Mwiko niliotoka nao Makobola, umeungua upande mmoja. Vikwembe vya kunitosha. Simu yenye kioo kilichopasuka. Kiti cha prezida. Cheti, ambacho kiko chini kabisa ya valizi, sanduku langu la nguo, na sijakitundika. Mlango bila komeo. Nilimwita fundi yule yule alitoe, na mashimo ya skrubu bado yanaonekana. Na godoro moja jipya la sifongo, limesimama ukutani nyuma ya mlango na nailoni yake bado juu. Nilimnunulia wiki ile ya maji. Nimempelekea, akashukuru, akasema niliweke kwangu kwanza, atakuja kulichukua.